Pumu Isiyo Pumu: Koo Linapojifunga Baada ya Nusukaputi

Kitengela, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, ni mji wa vumbi na upepo. Malori ya mawe na mchanga hupita Barabara ya Namanga usiku na mchana, viwanda vya saruji vya Athi River viko jirani, na wakati wa kiangazi shati jeupe lililoanikwa asubuhi huanuliwa jioni likiwa na rangi nyingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji huu ambao wazee wa Kimaasai bado wanaukumbuka ukiwa malisho. Hapa, mtu akipumua kwa mlio hakuna anayeuliza mara mbili: ni pumu. Hutafutiwa inhela, huvuta dawa, hupumzika. Mara nyingi waliomzunguka huwa wamesema kweli.

Mara nyingine si pumu hata kidogo. Iko hali inayofanana nayo kwa sura na kwa hofu inayoleta, ila haimo mapafuni; imo kooni. Nyuzi za sauti, ambazo zinatakiwa kuachana mtu anapovuta pumzi, hufanya kinyume chake: husogeleana na kuubana mlango wa hewa wakati uleule hewa inapohitajika kuingia. Katika faili za hospitali hali hii huandikwa kwa herufi tatu, VCD, kifupi cha jina lake la Kiingereza, vocal cord dysfunction. Mojawapo ya mahali inapozuka bila taarifa ni chumba cha kuzindukia, dakika chache baada ya mgonjwa wa nusukaputi kutolewa mpira wa kupumulia. Upasuaji umekwenda vizuri, damu haikupotea nyingi, mshono umefungwa. Kisha mgonjwa anafumbua macho, anashika shingo, na kuvuta hewa kwa mkwaruzo unaosikika hadi koridoni.

Wahudumu wana dakika chache za kuamua. Uamuzi huo hautegemei mashine ghali kama wengi wanavyodhani. Unategemea kwanza sikio lililofunzwa kusikiliza jambo moja: je, mlio unatoka mgonjwa anapovuta pumzi, au anapoitoa?

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lina uzito, inafaa kujua koo lilivyoumbwa. Juu ya bomba la hewa, pale mbele ya shingo panapotokeza kwa wanaume, ndipo lilipo zoloto. Ndani yake mna mikunjo miwili midogo ya misuli na utando, ambayo kwa desturi tunaiita nyuzi. Kwa mtu mzima urefu wake ni kati ya sentimita moja na robo na sentimita mbili na nusu, ya wanawake ikiwa mifupi zaidi. Mtu akisema, hukutana na kutetemeka. Akimeza, hufunga kabisa ili chakula kisiingie njia ya hewa. Akivuta pumzi, huachana. Mtu wa kwanza kueleza mwendo huo kwa kuutazama mwenyewe hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, Mhispania aliyefundisha London. Mwaka 1854 aliingiza kioo kidogo cha daktari wa meno kinywani mwake, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, na kuziona nyuzi zake zikifunguka na kufunga.

Pumu huishi chini zaidi, katika vijibomba vyembamba vya mapafu. Vijibomba hivyo hubana zaidi mtu anapotoa pumzi, na kwa hiyo mlio wa pumu husikika hasa hewa inapotoka, mwembamba, wa filimbi, na chombo cha kusikilizia kikiwekwa kifuani huupata pande zote. Koo likijifunga, mambo hugeuka. Mlio huja hewa inapoingia, ni mzito na wa kukwaruza, na mahali unaposikika kwa nguvu kuliko kote ni shingoni. Sista anayehamisha chombo chake kutoka kifuani hadi shingoni, kwa muda wa pumzi mbili tatu, amefanya kipimo kisicho na gharama yoyote.

Tiba ilichelewa kulielewa jambo hili, na kuchelewa huko kuliwaumiza watu. Mwaka 1974 jarida moja la tiba lilieleza kisa cha aina hii na kukipa jina la Munchausen, mhusika maarufu wa hadithi za chumvi. Mgonjwa alionekana anaigiza. Miaka tisa baadaye, 1983, madaktari wa Denver nchini Marekani walichapisha habari za wagonjwa watano waliokuwa wakitibiwa kama wenye pumu. Walipotazamwa koo kwa kamera nyembamba wakati wa shambulio lenyewe, nyuzi zao zilionekana zimekutana mbele na kuacha upenyo mdogo tu nyuma. Kilichowasaidia hakikuwa dawa za pumu. Kilikuwa mazoezi ya sauti na pumzi pamoja na ushauri wa kisaikolojia. Tangu hapo ni vigumu kwa mtu yeyote makini kusema mgonjwa wa namna hii anajifanya. Nyuzi zake zinafunga kweli, na hazifungi kwa amri yake.

Kwa nini nusukaputi iwe kichocheo? Mpira unaopitishwa katikati ya nyuzi kumpumulia mtu mzima huwa na kipenyo cha ndani cha milimita 7 hadi 8. Hata ukiingizwa kwa ustadi, huukwaruza utando. Wakati wa kuutoa, koo huwa na mate, pengine tindikali iliyopanda kutoka tumboni, na bomba la kufyonza hupitishwa humohumo. Mgonjwa mwenyewe yuko nusu usingizini, ana maumivu, hajui aliko, na amezungukwa na watu waliofunika nyuso. Koo lililokwishazoea kuchokozwa na vumbi, na kiungulia, na mafua ya mara kwa mara, lina sababu tele za kujifunga. Hali hii imeandikwa zaidi kwa wanawake vijana na kwa watu wenye wasiwasi mwingi, lakini haichagui. Wanariadha nao wanaijua: uchunguzi uliochapishwa 2003 kuhusu wanamichezo 370 wa kiwango cha juu nchini Marekani ulikuta 19 wakitoa mlio wa kuvuta pumzi wakati wa mazoezi makali. Wakimbiaji wanaopanda vilima vya Ngong, katika kaunti hiihii ya Kajiado, wana sababu ya kuyajua haya kabla ya kuandikiwa inhela ya pili.

Hata hivyo, VCD haipaswi kuwa jibu la kwanza la mtu aliyesimama kando ya kitanda. Lazima iwe la mwisho, na hapa ndipo kazi ngumu ilipo. Mlio wa kuvuta pumzi baada ya upasuaji una wazazi wengi, na baadhi yao huua kwa dakika.

Wa kwanza ni mkazo wa ghafla wa zoloto, ambapo nyuzi hufunga kabisa na kugoma kuachana. Huwapata hasa watoto, na zaidi mtoto aliyeletwa akiwa na mafua au kikohozi cha hivi karibuni, au anayekatwa mafindofindo. Ketamini, dawa inayotegemewa sana katika hospitali za wilaya Afrika Mashariki kwa kuwa haisimamishi pumzi kirahisi, huongeza mate, na mate yakidondokea nyuzi huweza kuuchokoza mkazo huo. Jambo la kutisha ni kwamba koo likifunga kabisa, mlio hutoweka. Kifua kinapanda, tumbo linaingia ndani, na hakuna sauti wala hewa. Ukimya huo usidhaniwe nafuu. Tiba yake inajulikana: oksijeni tupu kwa barakoa iliyobanwa vizuri, taya kusukumwa mbele, msukumo wa hewa usiokatika, na vidole viwili kukandamiza kishimo kilicho nyuma ya ndewe za masikio, pande zote mbili, kuelekea ndani na mbele. Mbinu hiyo ya vidole ilielezwa na daktari Philip Larson mwaka 1998. Ikishindikana, mtaalamu wa usingizi huongeza propofoli kidogo, na mwisho kabisa dawa ya kulegeza misuli, akiwa tayari kumpumulia mgonjwa.

Wa pili ni uvimbe. Kwa mtu mzima milimita moja ya uvimbe huenda isimsumbue. Kwa mtoto mchanga mwenye njia ya hewa ya milimita 4, milimita moja ikivimba kuzunguka pande zote huondoa robo tatu ya nafasi ya kupitisha hewa. Hesabu hiyo pekee inatosha kueleza kwa nini mtoto aliyetoka thieta haachwi na mama yake peke yake kwenye benchi.

Kisha kuna dawa za kulegeza misuli ambazo hazijaisha mwilini. Mgonjwa yuko macho lakini hawezi kuinua kichwa kutoka kwenye mto wala kushika mkono wa muuguzi kwa nguvu, na misuli ya koo nayo haijaamka. Kuna mzio, unaokuja na vipele na shinikizo la damu linaloporomoka. Kuna kipande cha shashi au bonge la damu lililosahauliwa nyuma ya ulimi. Na kwa aliyepasuliwa shingo, kuna damu inayojikusanya chini ya mshono na kulibana koo kwa nje. Huyo hasubiri gari la wagonjwa, mshono hufunguliwa palepale kitandani.

Chanzo kingine, neva ya koo iliyojeruhiwa, kinastahili kuongelewa peke yake.

Kwenye nyanda za Athi-Kapiti, zinazoanzia ukingoni mwa Kitengela na kupakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, twiga bado wanaonekana wakichuma majani ya migunga. Neva inayoendesha nyuzi za sauti za mnyama huyo hutoka kwenye ubongo, hushuka shingo yote hadi kifuani, huzunguka mshipa mkubwa wa damu, kisha hupanda tena hadi kooni. Kwa twiga aliyekomaa safari hiyo hupita mita nne. Binadamu ana neva hiyohiyo na njia hiyohiyo, fupi tu. Ya kushoto huzunguka mshipa mkuu unaotoka moyoni, ya kulia huzunguka mshipa unaoelekea mkononi, na zote mbili hupita nyuma ya tezi ya shingo. Galen, tabibu wa Roma ya karne ya 2, aliikata neva hiyo kwa nguruwe aliyekuwa akipiga kelele mbele ya watazamaji. Nguruwe aliendelea kufurukuta, lakini kimyakimya.

Daktari wa upasuaji anayeondoa rovu hufanya kazi milimita chache kutoka kwenye neva hizo. Moja ikijeruhiwa, mgonjwa huamka na sauti ya pumzi pumzi, isiyofika mbali, na hupaliwa anapokunywa maji. Zote mbili zikijeruhiwa, nyuzi hukaa katikati bila kusogea: sauti yaweza kuwa nzuri kabisa, ila hewa haipiti, na mlio wake ni uleule wa VCD. Ndiyo maana aliyetoka kupasuliwa tezi hatulizwi kwa maneno tu. Lazima nyuzi zake zitazamwe.

Haya yote yakishaondolewa moja baada ya jingine, ndipo sura ya VCD inapojitokeza. Kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni ya damu iko sawa, ingawa mgonjwa anapambana kana kwamba anazama. Kifua ni safi. Inhela haijabadilisha lolote, ila moyo unakwenda mbio zaidi na mikono inatetemeka, kwa kuwa ndivyo salbutamoli inavyofanya. Mgonjwa anaonyesha kooni, haonyeshi kifuani. Mlio unapungua akikohoa au akitweta haraka haraka, na akisinzia unaisha. Dalili hii ya mwisho ina thamani kubwa, maana uvimbe hauondoki kwa usingizi, na neva iliyokatwa haiponi kwa usingizi.

Uthibitisho kamili ni kutazama. Kamera nyembamba inayopindika hupitishwa puani, na daktari huona nyuzi zikikutana wakati wa kuvuta pumzi. Kamera hiyo huwa mikononi mwa madaktari wa masikio, pua na koo, na wengi wa hao wako Nairobi. Kutoka Kitengela si mbali, ni kama kilomita 30, ingawa foleni inaweza kuzifanya ziwe saa mbili. Kutoka Namanga au Loitokitok ni habari nyingine. Kajiado ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 21,900, na shambulio likianza usiku, mbali na mji, halitasubiri kamera.

Simu husaidia kuziba pengo hilo kwa njia ambayo haijatiliwa maanani vya kutosha. Video ya nusu dakika, iliyochukuliwa kwa ridhaa ya mgonjwa au ya jamaa yake, ikionyesha shingo, kifua na sauti ya pumzi, ni ushahidi ambao mtaalamu ataufanyia kazi hata kama shambulio limekwisha siku tatu zilizopita. Mgonjwa wa VCD hufika kliniki akiwa mzima, anapimwa, anaambiwa hana kitu, anarudi nyumbani akidhani watu hawamwamini. Video humwondolea mzigo huo wa kujieleza.

Wanaokutana na shambulio lenyewe Kajiado si lazima wawe madaktari bingwa. Nchini Kenya sehemu kubwa ya nusukaputi nje ya miji mikubwa hutolewa na maafisa wa kliniki waliosomea usingizi na wauguzi waliofunzwa kazi hiyo. Hospitali ya AIC Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ni mojawapo ya shule zinazowatoa wauguzi hao. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza kila nchi iwe na wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840 katika sensa ya 2019. Kwa kipimo hicho kaunti hii peke yake ingehitaji wataalamu zaidi ya 220. Hesabu hiyo haikutajwa hapa ili kuwavunja moyo waliopo. Imetajwa kwa sababu inaonyesha ni nani hasa anayebeba mzigo: mtu mmoja wa usingizi, na sista mmoja wa chumba cha kuzindukia, usiku, na mgonjwa mwingine tayari yuko mezani. Elimu ya VCD isipowafikia hao wawili, haijafika.

Nafuu ni kwamba upasuaji unaofanywa zaidi katika hospitali nyingi za kaunti, wa kuzalisha, kwa kawaida hufanywa kwa sindano ya mgongo, na koo la mama haliguswi. Nusukaputi huja pale dharura inapokuwa kubwa au sindano ya mgongo inaposhindikana. Yaani hatari ya koo huwapata wale ambao tayari wana hatari nyingine.

Sasa, mgonjwa yuko kitandani, vitisho vingine vimeondolewa, afanyiwe nini? Jambo la kwanza ni kupunguza watu. Chumba kinachojaa wahudumu wanaopigiana kelele huliongezea koo mkazo. Mmoja ndiye azungumze, kwa lugha ambayo mgonjwa huota nayo, iwe Kimaa, Kikamba, Gikuyu au Kiswahili, na amwambie ukweli: hewa inafika, kipimo kinaonyesha inafika, koo limebana na litaachia. Aketishwe wima. Apewe oksijeni kwa barakoa. Kisha aelekezwe kwenye kutoa pumzi, kwa kuwa kila mtu anayekosa hewa hupigania kuvuta, na kadiri anavyovuta kwa nguvu ndivyo nyuzi zinavyonyonywa na kukutana. Atoe pumzi polepole, midomo ikiwa imebana, namna mtu anavyopuliza chai ya moto. Avute kidogo kwa pua, mara mbili fupi za kunusa, kwa sababu kunusa huzifungua nyuzi. Mabega yashuke. Ulimi ulale chini. Atwete kidogo ikibidi. Wengine huachia kwa dakika tano, wengine huhitaji zaidi.

Ikiwa maneno hayatoshi, mtaalamu wa usingizi ana njia nyingine: msukumo mwepesi wa hewa kwa barakoa, ambao huzitenganisha nyuzi, au kiasi kidogo cha dawa ya kutuliza kama midazolamu, akiwa kando ya kitanda na kipimo kikiwa kidoleni. Hospitali zenye uwezo hutumia mchanganyiko wa heliamu na oksijeni, gesi nyepesi inayopenya upenyo mwembamba kwa urahisi. Linaloepukwa kadiri inavyowezekana ni kumrudishia mgonjwa mpira. Wapo wagonjwa wa VCD ambao, katika nchi mbalimbali, wamerudishiwa mpira, wamelazwa kwenye mashine katika chumba cha wagonjwa mahututi, na hata kutobolewa shingo, kwa hali ambayo ingetulia kwa pumzi. Mpira huo wa pili nao hulichokoza koo upya, na utakapotolewa mchezo huanza tena.

Hata hivyo, oksijeni ikianza kushuka, midomo ikageuka rangi, mbavu zikaingia ndani kwa kila pumzi au mgonjwa akaanza kulegea na kupotewa na fahamu, mjadala umekwisha. Njia ya hewa inalindwa kwanza, majina ya magonjwa baadaye.

Kipimo cha kidoleni kimetajwa mara kadhaa hapa, nacho kina historia ya kuheshimiwa. Mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyebuni kanuni yake miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa miongo kadhaa kilikuwa chombo cha hospitali tajiri, hadi shirika la Lifebox, lililoanzishwa 2011, lilipoanza kusambaza vipimo vya bei nafuu kwa nchi zenye uhaba. Kabla ya hapo, utafiti wa hospitali nane uliochapishwa 2009, mojawapo ikiwa ya Ifakara nchini Tanzania, ulionyesha kwamba orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani ilipotumika, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, orodha hiyo huuliza kama ana mzio, kama njia yake ya hewa ina ugumu, na kama kipimo cha kidoleni kimevalishwa na kinafanya kazi. Swali la katikati ndilo mlango ambao historia ya VCD inapaswa kuingilia.

Lakini haiingii yenyewe. Mama kutoka Isinya anayeulizwa kama ana ugonjwa wowote atajibu kwamba ana pumu, na kalamu itaandika pumu. Anayeuliza kwa makini atakwenda mbele kidogo. Ilianza lini? Inhela inakusaidia kweli, au unaivuta kwa mazoea? Ikikujia inakubana wapi, hapa kifuani au hapa kooni? Inakuamsha usiku? Pumu huamsha watu alfajiri. VCD kwa kawaida humwacha mtu alale. Na kama maneno yanakwama kati ya lugha mbili, aombwe kuuiga mlio wenyewe. Watu huuiga vizuri sana, na bibi asiyejua neno la hospitali hata moja anaweza kuonyesha kwa pumzi moja kama mjukuu wake hukwama akivuta au akitoa.

Hapa pana tahadhari moja isiyopaswa kurukwa. Pumu na VCD hukaa katika mwili mmoja mara nyingi. Anayesoma makala hii asitupe inhela yake kwa sababu amejitambua katika aya fulani. Dawa za pumu huachishwa na daktari aliyepima mapafu, hasa kwa mtu anayeishi kwenye vumbi la kila siku.

Nyumbani, baada ya kuruhusiwa, koo kuuma na sauti kukauka kwa siku mbili tatu ni jambo la kawaida baada ya mpira, na maji na kupumzisha sauti hutosha. Kunong'ona si kupumzisha. Wengi hulikamua koo zaidi wanaponong'ona. Miongozo ya madaktari wa koo wa Marekani ya 2018 inasema sauti iliyokwama isizidi wiki nne bila koo kutazamwa, na kwamba aliyetoka kupasuliwa au kuwekewa mpira hahitaji kusubiri wiki hizo. Anayepaliwa kila akinywa maji aende mapema. Anayevuta pumzi kwa mkwaruzo, anayedondokwa na mate kwa kushindwa kuyameza, au anayeona shingo ikivimba baada ya upasuaji, aende usiku huohuo, iwe Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela, ya Rufaa ya Kajiado au yoyote iliyo karibu, wala asianze kwa duka la dawa.

Kwa aliyethibitishwa kuwa na VCD, tiba ya muda mrefu ni mazoezi yaleyale ya pumzi, yakifanywa akiwa mzima, mara kadhaa kwa siku, mpaka mwili uyakumbuke wenyewe saa ya hofu. Mtaalamu wa tiba ya usemi ndiye mwalimu wake bora, na vikao vichache vinaweza kubadili maisha ya mtu aliyezunguka kliniki za pumu kwa miaka. Kiungulia kitibiwe. Moshi wa kuni na wa sigara upunguzwe. Anayefanya kazi kwenye machimbo au kando ya barabara afunike pua na kinywa.

Na aondoke hospitalini na barua. Nusu ukurasa unatosha: tarehe ya upasuaji, dawa za usingizi zilizotumika, ukubwa wa mpira, kilichotokea baada ya kutolewa, oksijeni ilikuwa ngapi, kilichomsaidia na kisichomsaidia, na jina la aliyeandika. Karatasi hupotea, hasa kwa familia inayohama na mifugo kufuata mvua kati ya Bissil na Amboseli, kwa hiyo barua ipigwe picha, na picha hiyo ikae kwenye simu ya mgonjwa na ya jamaa mmoja anayeishi naye. Daktari wa usingizi atakayemlaza mara ya pili, pengine miaka kumi baadaye na katika kaunti nyingine, aonyeshwe picha hiyo kabla hajashika sindano.